Je, tui la nazi linaweza kuharibu kondo la nyuma? Jibu kwa mama wa Mikindani

Swali limetoka kwa mama wa miaka 27, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nalifupisha. Ujauzito wake wa kwanza uliishia wiki ya 33 kwa sababu ya kifafa cha mimba. Mtoto alizaliwa mdogo, lakini alipona na sasa anakimbia uani. Daktari aliyemhudumia alimwambia kuwa kondo "halikujishika vizuri tangu mwanzo". Sasa ana ujauzito mwingine, wiki ya tisa. Shemeji yake anayesoma chuo amemwambia kuna mafuta yanayoziamuru seli za kondo zikue au zisikue. Mama mkwe aliposikia neno mafuta, akaondoa tui na korosho jikoni siku hiyo hiyo. Anauliza: "Daktari, shikamoo. Mafuta hayo ni yapi? Na je, nazi na korosho niache?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyopita na hongera kwa huyu anayekuja.

Nianze na jikoni, maana najua huko ndiko kwenye mvutano: tui lirudi, na korosho zirudi. Shemeji yako amesema kweli, na mama mkwe amefanya alilofanya kwa kukupenda. Tatizo ni kwamba mafuta anayoyasema shemeji siyo haya ya kwenye chungu. Lipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta, zinazopeleka habari kwenye kondo seli huzitengeneza yenyewe, papo hapo, kwa kukata kipande cha ukuta wake.

Chukua tui zito, lichanganye na maji kwenye glasi, uliache hadi asubuhi. Utakuta mafuta yamepanda juu na maji yamebaki chini. Mafuta na maji havipatani, hilo kila mpishi wa pwani analijua. Sasa utando unaozunguka kila seli ya mwili wako umejengwa kwa molekuli za mafuta zenye tabia mbili: kichwa kinachopenda maji, na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini zinajipanga zenyewe safu mbili, mikia imeelekeana ndani, vichwa vimeangalia nje. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga laki mbili, mmoja juu ya mwingine, ndipo upate kama milimita moja.

Zamani sisi tuliosoma biolojia tulifundishwa kuuona utando huo kama ua wa nyumba: kazi yake kuzuia. Lakini fikiria ua wa makuti. Mwenye nyumba akitaka kumwita jirani, anachomoa kuti moja na kulipunga. Jirani akiliona anajua la kufanya. Ndivyo seli inavyotenda. Kimeng'enya kinakata mkia mmoja wa molekuli, au kinakata kichwa, na kile kipande kinakuwa ujumbe. Kinatoka, kinagonga kipokezi kwenye seli ya jirani au hata kwenye seli ile ile iliyokitoa, kisha kinavunjwa upesi kisije kikaendelea kuita baada ya kazi kwisha. Kiasi chake ni kidogo mno. Bakuli la wali wa nazi haliwezi kukiongeza wala kukipunguza kwa namna mama mkwe anavyohofia.

Kondo lina kazi mbili kubwa za mwanzo, na lipidi hizi zimo katika zote mbili.

Kazi ya kwanza ni kuungana. Ile mistari miwili uliyoiona kwenye kipimo cha mkojo ililetwa na homoni ya hCG, na homoni hiyo inatoka kwenye tabaka la nje la kondo linalogusana na damu yako. Tabaka hilo ni la ajabu kuliko yote ninayoyajua mwilini. Seli zake hazikupangana kama matofali. Zimeungana, zikafuta mipaka yao, zikawa kitu kimoja chenye viini mabilioni. Ukilitandaza ujauzito unapofika mwisho, lina eneo la mita za mraba 10 hadi 12, sawa na sakafu ya chumba cha kulala. Chini yake zipo seli changa zinazogawanyika na kulilisha tabaka hilo muda wote. Familia nzima ya seli hizi tunaiita trofoblasti.

Protini inayoziunganisha inaitwa sinsitini-1, na kazi yake ilijulikana mwaka 2000. Asili yake ni kirusi kilichoingia katika urithi wa mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita kisha kikabaki humo, mwili ukakifanyisha kazi. Lakini sinsitini peke yake haitoshi. Kuna lipidi inayoitwa fosfatidilserini ambayo siku zote hukaa safu ya ndani ya utando, haionekani nje. Seli changa ya kondo inapokuwa tayari kuungana, lipidi hiyo inageuzwa ikaangalia nje. Mahali pengine mwilini kugeuka huko ni tangazo la kifo: nimekwisha, niondoeni. Kwenye kondo ni mlango uliofunguliwa. Watafiti walipoifunika fosfatidilserini kwa kingamwili maabara, seli zilikaa bega kwa bega lakini hazikuungana.

Hapa nikukatize kidogo kwa jambo linalokuhusu. Wako wanawake ambao kinga yao ya mwili inatengeneza kingamwili dhidi ya fosfolipidi na protini zinazoshikamana nazo, nao hupoteza mimba au hupata kifafa cha mimba mapema. Kwa kuwa wewe ulijifungua kwa kifafa kabla ya wiki ya 34, ni haki yako kumuuliza daktari kama unafaa kupimwa kingamwili hizo. Matibabu yake yanajulikana, na yanaanza mapema.

Sasa seli inajuaje wakati wa kuendelea kugawanyika na wakati wa kukomaa na kuungana? Kuna mizani ya lipidi mbili za ukoo mmoja. Ya kwanza ni keramidi, ya pili sfingosini-1-fosfeti, ambayo sisi huifupisha S1P. Sfingosini ilipewa jina hilo mwaka 1884 na mkemia Johann Ludwig Wilhelm Thudichum, aliyekuwa akichunguza kemia ya ubongo huko London. Aliikumbuka Sphinx, kiumbe wa hadithi za Wagiriki aliyetega vitendawili, kwa sababu molekuli ile ilimletea vitendawili vingi. Keramidi huivuta seli kuelekea kuacha kugawanyika, kukomaa, na ikizidi, kufa. S1P huivuta upande wa pili: ishi, gawanyika, tembea. Na moja hugeuzwa kuwa nyingine kwa hatua mbili tu za vimeng'enya, hivyo seli inaweza kuinamisha mizani haraka.

Kwenye seli za trofoblasti za binadamu maabara, S1P ikiongezwa, seli zinachelewa kukomaa na hCG inapungua. Njia yake imefuatiliwa: S1P inashusha cAMP, mjumbe wa ndani ya seli, na cAMP ndiyo inayozisukuma seli kuungana. Usielewe kwamba S1P ni mbaya. Kondo lisilo na seli changa za kutosha litaishiwa na akiba. Na panya walioondolewa vimeng'enya vyote viwili vinavyotengeneza S1P hufa wakiwa bado tumboni, mishipa yao ya damu haijajengeka. Kinachotakiwa ni kila moja kwa zamu yake. Katika makondo ya akina mama waliopata kifafa cha mimba imepimwa keramidi nyingi kuliko kawaida, na seli zinazokufa ni nyingi. Ila kipimo hicho huchukuliwa kondo likishatoka, kwa hiyo mtu asikuambie keramidi ndiyo iliyokuletea ugonjwa. Huenda ni kilio cha kondo lililokwisha kukosa hewa.

Kazi ya pili ndiyo iliyokwama kwako, kwa jinsi daktari wako alivyoieleza.

Baadhi ya seli za trofoblasti haziungani. Zinahama. Zinatoka kwenye vishada vya kondo, zinaingia ndani ya ukuta wa mji wa mimba, na zinakwenda kutafuta mishipa yako ya damu iliyojisokota. Zikiifikia zinaondoa misuli ya kuta zake na kuipanua midomo yake mara kadhaa. Umewahi kufika Ruvuma inapoingia baharini? Juu huko mto una nguvu, unachimba kingo. Kwenye mlango wake umetanuka, maji yametulia, yanasogea polepole. Kondo linataka damu ya mlangoni. Mshipa usipopanuliwa, damu inaingia kwa kasi kama maji ya bomba lililobanwa kidole, inavichapa vishada, na haikai muda wa kutosha kuachia hewa na chakula. Kondo lililojeruhiwa hivyo linamwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa yake yote, na hapo ndipo presha inapanda, protini inatokea kwenye mkojo, na ikiachwa, degedege.

Ni nani anayeziambia seli hizi zihame? Wako wengi, na lipidi moja inayosikika sana ni asidi ya lisofosfatidi, kwa kifupi LPA. Hii ni molekuli ya utando iliyobaki na mkia mmoja. Kimeng'enya kinachoitengeneza nje ya seli kinaitwa ototaksini, na kwenye damu ya mjamzito kinapanda jinsi miezi inavyosonga, kwa sababu kondo lenyewe linakitoa. Panya wasio na ototaksini kabisa hufa katikati ya ujauzito. Mwaka 2005 ulitoka utafiti mwingine ninaoupenda: panya majike waliokosa kipokezi kimoja tu cha LPA. Mayai yao yalirutubishwa vizuri, lakini viinitete vilichelewa kujishika, na vilipojishika vilirundikana mahali pamoja, vingine vikigombania kondo moja. Watafiti wakawapa prostaglandini, ambayo nayo ni lipidi ya ishara. Kuchelewa kukapona, kurundikana hakukupona. Maana yake LPA ilikuwa inaamsha prostaglandini kwa kazi moja, na kwa kazi nyingine ilikuwa na njia yake.

Prostaglandini mmoja unamfahamu bila kujua. Misoprosto, vidonge anavyotumia mkunga kuzuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, ni nakala ya lipidi hizo iliyotengenezwa kiwandani. Mikrogramu 600 tu, hata punje ya chumvi ni nzito kuliko hapo mara nyingine, na mji wa mimba mzima unajikaza. Ndiyo nguvu ya ujumbe wa mafuta.

Na hapa ndipo penye msaada wa kweli kwako, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Prostaglandini na ndugu zake hutengenezwa kutokana na asidi ya arakidoni inayochomolewa kwenye utando, kisha kimeng'enya cha COX kinaibadilisha. Chembe za damu zinazogandisha hutoa kutoka humo tromboksani, inayobana mishipa na kugandisha damu. Kuta za mishipa hutoa prostasaiklini, inayofanya kinyume chake. Katika kifafa cha mimba mizani imeinamia kwenye kubana. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Aspirini inakiziba kimeng'enya hicho cha COX kisifunguke tena. Chembe za kugandisha damu hazina kiini, hivyo haziwezi kutengeneza kingine. Zikizibwa zimezibwa hadi zife, siku saba hadi kumi. Kuta za mishipa zina viini, zinatengeneza kimeng'enya kipya. Kwa hiyo dozi ndogo, kila siku, inapunguza kinachobana na kukiacha kinacholegeza. Dozi kubwa ingevifuta vyote viwili.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa mwanamke mwenye hatari kubwa, na wewe uliyekwisha kuugua ni mmoja wao, ianze kabla ya wiki ya 20. Katika utafiti wa ASPRE uliochapishwa mwaka 2017, akina mama wenye hatari kubwa walipewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 mpaka wiki ya 36. Kifafa cha mimba cha kabla ya wiki 37 kilishuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Dawa ya bei ya chini hivyo, na faida kubwa hivyo! Lakini angalia tarehe. Seli zinazopanua mishipa zinamaliza sehemu kubwa ya kazi yao wiki ya 20 hadi ya 22 ikipita. Ukienda kliniki na tumbo la miezi sita kama tulivyozoea, na kama wengi wanavyoshauriana ili mimba "isijulikane mapema", utakuta mafundi wamekwisha kufunga vifaa vyao. Wewe una wiki tisa. Nenda wiki hii. Usiianze aspirini mwenyewe kutoka duka la dawa, kwa sababu wapo wasioifaa, wenye vidonda vya tumbo au pumu inayoamshwa nayo, na daktari lazima akupime presha na mkojo kwanza ili awe na mahali pa kulinganishia baadaye.

Najua kuna atakayekuambia: kama aspirini inafaa, basi na diklofenaki au ibuprofeni zinafaa, zote ni dawa za maumivu. Hapana. Hizo zinaziba kimeng'enya kwa dozi kubwa na kila mahali, mpaka kwa mtoto. Baada ya wiki ya 20 zinaweza kupunguza maji ya uzazi, na karibu na mwisho zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Kichwa kikiuma, parasetamoli. Kikiuma sana na kisiachie, au ukiona maruweruwe, au uso na mikono ikavimba, au maumivu chini ya mbavu za kulia, usimeze kitu ukalala. Nenda hospitali usiku huo huo.

Muulize daktari pia juu ya kalisi. Kwa wanawake ambao chakula chao kina kalisi kidogo, na huku kwetu maziwa si mengi, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku zinapunguza hatari ya kifafa cha mimba. Usizimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma, vinazuiana. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia.

Turudi kwenye chakula basi. Sahani yako haipeleki amri kwenye kondo, ila inajaza ghala ambamo seli zinachukua malighafi. Mafuta ya nazi ni ya kuivisha chakula na kukupa nguvu, hayana zaidi ya hapo kwa kondo na hayana ubaya kwa kiasi mlichozoea. Korosho zina mafuta mazuri, sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, pamoja na magnesi na protini. Konzi moja kwa siku ni sawa kabisa. Ambacho nazi na korosho hazina ni DHA, mafuta ya omega-3 ambayo kondo linayatafuta kwa bidii na kumpelekea mtoto kwa ajili ya ubongo na macho. Hayo yako Feri, kwenye soko la samaki. Vibua, dagaa, samaki wadogo wenye mafuta, mara mbili tatu kwa wiki. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2018 yaliyojumlisha akina mama karibu 20,000 yaliona omega-3 ikipunguza kuzaa kabla ya wiki 37 kwa takriban 11%. Hiyo ni kwa kuzaa kabla ya wakati, siyo kwa kifafa. Papa mkavu, najua anapendwa, na samsuli, uwaache kwanza, maana samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki.

Uraka na nipa, pombe za msimu wa mabibo, usiguse. Bangi vilevile, hata moshi wa wengine ukae nao mbali, na hii ina sababu yake ndani ya somo letu: mwili una lipidi iitwayo anandamaidi, iliyogunduliwa mwaka 1992 na kupewa jina kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Kiinitete kinapojishika, kiasi chake mahali pale lazima kiwe kidogo. Kemikali ya bangi inagonga kipokezi kile kile, haivunjwi haraka kama anandamaidi, na inavuka kondo. Malaria nayo hujificha ndani ya kondo lenyewe, vimelea vikishikamana humo hata kipimo cha damu ya kidole kinaposema huna. Lala kwenye chandarua, na vidonge vya SP vya kukinga malaria unavyopewa kliniki kuanzia wiki ya 13 vimeze mbele ya nesi, angalau mara tatu, kila mara wakiacha mwezi.

Nilipokuwa mwanafunzi huku kusini, mkunga mmoja mtu mzima alinifundisha kulisoma kondo. Alilisuuza kwenye beseni, akaligeuza upande wa mama, akahesabu vipande kwa kidole: kondo zima lina kama 15 hadi 20, vyekundu kama ini, na lote lina uzito wa karibu nusu kilo. Kisha akanipa la mama aliyekuwa chumba cha pili, aliyeingia na presha. Lilienea kwenye kiganja changu. Lilikuwa na mabaka meupe, na nilipoyabonyeza yalikuwa magumu kama nyama ya nazi. Hayo mabaka ni mahali damu haikufika. Mama yule alikuwa amekuja kliniki mara moja tu, mwezi wa saba, na hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mimba iliyotangulia.

Kwa hiyo utakapokwenda hospitali ya Ligula au kituo kilicho karibu nawe, beba kadi ya ujauzito wa kwanza, ile yenye tarehe na presha zilizoandikwa. Kama imepotea, taja mwenyewe: wiki 33, kifafa cha mimba, uzito wa mtoto. Litaje kabla hujaulizwa. Mama mkwe nenda naye, akae asikie. Na siku ya kujifungua, kabla kondo halijafungwa kwenye kanga kwenda kuzikwa uani, mwombe mkunga akugeuzie upande wako ulione.